Jiwe la Mizani

Mama huuza omuli wa moshi sokoni Kultuk,
na kila asubuhi, kabla ya mteja wa kwanza,
huweka kwenye mizani jiwe lake la kilo moja,
kisha huizungusha: ielekee ziwa, ielekee reli,
ielekee mlima, ielekee duka la Galsan asiyemwamini mtu.
Kilo. Kilo. Kilo. Kilo.
"Mmeona wenyewe," husema. Ndipo huuza.

Mimi niko juu ya Baikali, mwendo wa saa nzima kutoka ufukoni,
na watu thelathini, na winchi moja yenye kikohozi.
Tumekata tundu kwa msumeno.
Tunateremsha matufe ya kioo, moja baada ya jingine,
kila tufe na jicho lisilo na kope,
mpaka huko chini ambako maji hayajapata kuambiwa kuna mchana.
Usiku barafu hulia kama mlango wa ghala.
Wageni wa kutoka Praha huruka vitandani;
sisi twageukia upande wa pili.

Tunayemngoja hupita bila hodi.
Nyutrino: hana chaji, na uzito wake
ni mdogo hata mtu huona haya kuutaja.
Hupita milima, hupita mabehewa ya makaa,
hupita ndani ya mama na samaki wake,
mabilioni kwa sekunde katika ukucha mmoja,
na hakuna anayejikuna.

Machi, saa tisa usiku, mmoja alijikwaa.
Nyuzi tatu za matufe zikaona buluu,
buluu ya kufumba na kufumbua, kisha giza lake la kawaida.
Rinchin alisahau chai mpaka ikashika ganda la barafu.
"Mashine kubwa kuliko zote duniani," akasema,
"zidisha mara elfu kumi. Huyu bado anazidi."

Akachora kwenye boksi la misumari, maana karatasi ilikuwa mbali.
Tuseme nyutrino anaweza kuupita mwanga,
kwa unywele tu, unywele uliopasuliwa mara trilioni.
Basi njia nzima ingemtoza ushuru:
hapa adondoshe elektroni, pale pacha wake wa chaji kinyume,
miaka milioni ya kudondosha,
afike kwetu hohehahe, au asifike.
Huyu kafika na kibindo kimejaa.
Kwa hiyo hakuuvunja mwiko.
Haraka haina baraka, hata huko,
na huko ndiko inakopigiwa hesabu.

Kisha akakata mstari mmoja, akaandika pembeni:
*kama kweli katoka mbali.*
Na chini yake: *shahidi ni mmoja tu.*
Wanahitajika wengine, wa kila upande wa anga,
ili tujue kama ulinganifu ni ule ule
ukitazama huku, ukitazama kule,
ukiwa umekaa, ukiwa mbioni.

Jumapili nikashuka Kultuk, nyusi zimeganda.
"Mmepata nini?" mama akauliza.
Nikasema, tumepata kwamba hakuna kilichobadilika.
"Mwezi mzima juu ya barafu?"
Mwezi mzima.
"Na mshahara wanawapa?"
Wanatupa.
Nikamweleza ushuru, unywele, kibindo.
Nikamwambia: ni wewe na meza yako, mama,
ila meza yetu ni ulimwengu,
nasi hatuwezi kuizungusha, twangoja izungukwe.

Alifunga samaki wawili kwenye gazeti. Hakucheka.
Akaliokota lile jiwe, akaligeuza kiganjani,
jeusi, limelika kidogo ukingoni,
la bibi yake kabla ya kuwa lake.
"Na hili," akasema, "Sesegma, nani hulipima?"

Nilikuwa na jibu refu. Basi likapiga honi.
Aprili barafu huoza kutokea ndani, haimwambii mtu,
na matufe kumi na manne yalikuwa bado yamesalia juu.